Fundo la Osmel

Kaka yangu Osmel hatulii hata akiwa anakula. Kijiko mkononi, macho dirishani, anatafuta mwanga. Hapa mjini Matanzas wote wanamjua kwa kamera yake ya dijitali iliyozeeka, kioo cha nyuma kimekufa zamani, na mbele kafunga lenzi ya Kirusi aliyoachiwa na mjomba wetu. Lenzi hiyo haijilengi yenyewe, lazima uizungushe kwa mkono. Na macho ya Osmel yamechoka. Ndiyo maana kamera ina uzi wenye fundo, na lenzi kailenga umbali wa uzi huo huo: anayepigwa picha analiweka fundo shavuni, uzi unakazwa, anauachia, Osmel anapiga. Mabibi harusi wa mtaa mzima wamelishika fundo hilo.

Binti yangu Lisandra alitimiza miaka kumi na mitano siku chache kabla ya kuhamia kwa baba yake, Madrid. Kwetu msichana wa umri huo huvishwa gauni kama bibi harusi na kupigwa picha; nguo tulikodi, kama watu wote. Mimi nilitaka picha moja tu ya uso wake, safi, ya kubaki nayo.

"Mama, mimi sishiki uzi. Kwani mimi mbuzi?" Rafiki zake wakacheka.

"Shika, mpwa wangu," Osmel akambembeleza. "Bila uzi mimi kipofu."

"Kisia tu, mjomba."

Akakisia. Akakisia ngazini, akakisia darajani, huku akihangaika kama mtu aliyekanyaga siafu. Mimi hasira zikanipanda. Nikamfuata binti yangu, nikalibandika fundo shavuni mwake kwa mkono wangu mwenyewe. "Sasa tulia." Osmel akabonyeza kabla sijatoka.

"Umeharibu, dada. Mkono wako umo."

Tulipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika, kompyuta haiwaki. Uliporudi, siku kadhaa baadaye, Lisandra alikuwa keshapanda ndege.

Osmel alifungua picha moja moja, goti likimtikisika chini ya meza. Ukungu. Nguo ya bluu, ukungu. Darajani, ukungu mtupu. Nilitaka kumzaba kibao, nilitaka kulia. Nikalia.

Kisha ikaja ile moja. Uso wa mwanangu, kope zote zinahesabika, amenuna, kanikasirikia waziwazi. Na shavuni mwake mkono wangu, na kovu langu la mafuta ya kukaangia ndizi.

Osmel akafuta miwani, hanitazami. "Nikuondolee huo mkono? Kwenye kompyuta inawezekana."

"Uguse uone," nikamwambia.