Ujumbe Uliofika Baada ya Jua Kutua

Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa katika ofisi ya kuratibu maafa mjini, nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamivu kuhusu mifumo ya kutahadharisha umma. Wanajeshi waliokuwa wakitengeneza barabara huko Manga walikuwa wameona ufa ukipanuka mlimani, juu ya nyumba za watu. Mojawapo ilikuwa ya mama yangu, aliyebaki kitandani kwa maumivu ya goti.

Redio zao hazikuweza kuwasiliana na zetu. Ilimlazimu mmoja wao ashuke hadi penye mtandao, apige simu. Ofisa wetu alimsikiliza huku akitafuna mandazi.

"Nitajuaje wewe ni afande kweli? Leta barua."

Barua ilipopatikana na ujumbe wa tahadhari ukatumwa kwenye simu za wanakijiji, alipangusa vidole vyenye mafuta kwenye kiti. "Umeenda! Daktari mtarajiwa, andika: umma umetahadharishwa."

Niliandika. Vidole vyake vilinitia kinyaa. Mkono wangu ulinitia kinyaa zaidi.

Nilimpigia mama. Hakupatikana. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililolelewa nalo: kwetu sisi Wasabato simu huzimwa Ijumaa kabla ya jua kutua, na kufungwa kitambaani mpaka Sabato iishe. Orodha ya nambari za kijiji kile niliipanga mimi. Nilipima nguvu ya mtandao bonde kwa bonde. Nilibishana kutwa nzima juu ya neno moja la tafsiri ya Ekegusii. Siku yenyewe sikuifikiria.

Nikampigia jirani yetu, Mkatoliki, aliyekuwa akichuma majani chai.

"Mama yako yuko ndani? Ngoja!"

Nilisikia kikapu kikianguka, kisha nduru, ile ya kuita kijiji kizima. Kanisa letu la Wasabato lililo karibu liliachwa tupu katikati ya mahubiri. Walimbeba mama juu ya godoro. Muda mfupi baadaye udongo ulifunika jikoni na chumba chake cha kulala.

Jioni nilimkuta mama kwa yule jirani. Jua lilipotua alifungua kitambaa kiunoni, akawasha simu. Ikalia. Akausoma ujumbe wetu polepole, neno kwa neno, kisha akanitazama.

"Mwanangu, wanasema nihame mara moja. Sasa nihamie wapi tena?"

Jirani alicheka hadi akamwaga chai. Mimi nilitoka nje, nikatapika kando ya migomba.