Mama Ukuta na suti ya mjomba

Pasi inafuka mvuke, redio inakoroma juu ya kabati, na Mama Ukuta anapiga pasi kola ya shati jeupe. Huanza na kola, kisha mabega, kisha mikono. Mgongo wa shati huuacha mwisho. Mgongo wake mwenyewe ameuegemeza ukutani, na hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Madobi wenzake humtania kwamba anaogopa ukuta utaanguka asipoushikilia. Naye hucheka nao. Mwaka jana mwenye duka alizigeuza meza zote, wapiga pasi wakawa wanautazama ukuta. Siku ya pili tu mwenye duka alipita nyuma ya Mama Ukuta kimyakimya, akamgusa bega. Mama Ukuta aliruka, pasi ikabaki imelala kifudifudi, na shati la mteja likatoka na doa la kahawia mgongoni. Meza yake ilirudishwa ilikokuwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyoka wa huyu dobi ni mjomba wake. Alipofiwa na wazazi akiwa na miaka sita, alipelekwa kwake alelewe. Mjomba hakuwa mtu wa kugombeza. Alikuja kwa nyuma, miguu peku, mkanda mkononi. Kosa lilitajwa baadaye, kama lilikuwapo. Ilikuwa hivyo kwa miaka minane, majirani wakisikia, ndugu wakijua. Walisema mtoto anafunzwa adabu.

"Mpaka leo mtu akikohoa nyuma yangu, moyo unapasuka," anasema. "Halafu napandwa na hasira. Namkasirikia aliye karibu, na aliye karibu ni mwanangu."

Binti yake ana miaka tisa. Mwezi uliopita alimnyemelea mama yake jikoni ili amkumbatie. Alipokea kofi lililomwangusha sakafuni. Alipoinuka, mtoto ndiye aliyeomba msamaha. Tangu hapo hubisha hodi kabla ya kuingia jikoni kwao. Mama yake amemweleza mara nyingi kwamba hakukosea, lakini mtoto haamini.

Juzi mama mdogo wa dobi alikuja dukani na suti nyeusi ya mjomba. Jumamosi ukoo unakutana kumshukuru mzee kwa kulea yatima, na anayetakiwa kusimama kushukuru ni yatima mwenyewe. Dobi alikataa. Mama mdogo akamsihi: mzee sasa ni mgonjwa, watu wameshaalikwa, na yaliyopita si ndwele, wagange yajayo.

"Hayajapita, mama mdogo," alimjibu. "Mwanangu anabisha hodi kwa mama yake mzazi. Hayo ndiyo yajayo, nayagangaje?"

Mama mdogo aliondoka amenuna. Suti aliiacha.

Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyozoea, na kwa kufunika hatujambo. Kombe hili walilifunika watu wazima wenye akili zao timamu, na aliyebaki gizani chini yake alikuwa mtoto wa miaka sita. Leo wanataka aje kuwapigia makofi. Haya hawana hata kidogo.

Suti imetundikwa karibu na dirisha. Dobi ameipiga pasi mwenyewe, mikunjo ya suruali imesimama wima. Kazi ni kazi, anasema, wala nguo haikumkosea. Amebadili nia pia. Jumamosi atakwenda.

"Si wanataka niseme? Nitasema. Mkanda, miguu peku, na nani alikuwa chumba cha pili anasikia."

Na wakimkatiza?

"Wakatize. Siku hiyo nitakuwa nimesimama mbele ya mjomba, ananiona."

Anavuta shati jingine, anaanza na kola.

"Mwanangu nitamkalisha kiti cha mbele," anasema bila kuinua macho. "Asikie kosa ni la nani. Halafu turudi nyumbani, aingie jikoni bila hodi."