Refa Asiyemtazama Mkwewe

Hasani wa Mitwero ni mkulima wa korosho, mume wa Naima, na refa wa mpira wa wavu anayechezesha kichwa kimeinama. Ukimwona utadhani kadondosha ufunguo mchangani. Wapi! Anamkwepa mama mkwe wake, Bi Amina, mchezaji wa mbele wa timu yetu ya wanawake. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Hata njiani, Hasani akimwona Bi Amina anatokea, hukatiza vichakani na miba yake.

Nasi tulineemeka, nisiwe mnafiki. Sheria inakataza timu inayosevu, yaani inayoanzisha mpira, kuwaziba wapinzani wasimwone anayesevu wala mpira unavyokuja. Basi mimi Fauzia nikishika mpira nyuma, Bi Amina, mwili tele mashallah, anapanua dera lake kwa mikono miwili na kuyumba kulia kushoto. Wapinzani wanauona mpira ukiwa tayari puani. Hasani? Yuko na mchanga wake. Msimu mzima hatukufungwa.

Fainali tulikutana na wanawake wa Kilangala, na mkaguzi wa marefa naye akaja. Hasani alikuwa anaisaka beji ya daraja la juu mwaka wa tatu huo. Mkaguzi akamwambia mbele yetu, "Refa asiyetazama wachezaji simpi beji." Jasho likamtoka maskini. Nilimwonea huruma, lakini kombe nalo nilikuwa nalitaka.

Seti ya mwisho tukafika kumi na nne kwa kumi na tatu. Pointi moja tu! Nikasevu, dera likafunguka. Hasani akainua kichwa, akamkazia macho mkwewe, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

"Mmeziba! Pointi Kilangala!"

Naima, aliyekuwa anatushangilia pembeni, akajifunika uso kwa mtandio. Tukapoteza pointi mbili zilizofuata na kombe likaondoka. Nilitamani nimmezeshe ile filimbi.

Bi Amina akamfuata pale pale. Hasani akashuka kitini, akapiga magoti, macho chini tena. "Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Kumbe macho unayo!" Bi Amina akasema, watu wote wanasikia. "Miaka sita namtuma Naima akuambie paa langu linavuja, unajibu hujaliona. Leo dera umeliona."

Mkaguzi akampa beji yake. Hasani akaitia mfukoni bila kuitazama, akaenda kuazima ngazi.