Masaa Sita Mpaka Morogoro

Kwa miaka ishirini na saba Letisia aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa ya Ruhembe, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Wenzake wanaume walipenda kushindana kufika kwenye mizani. Mmoja aliangusha tela mtaroni, mwingine akaondoka na kona nzima ya uzio. Letisia mwendo wake ulikuwa ule ule, kilomita ishirini kwa saa, kitenge juu ya ovaroli, shingo imegeuka nusu kuangalia mzigo nyuma. Wakamwita Mama Gia Moja. Jina lilikuwa la kumcheka, lakini yeye alilivaa kama medali.

Sasa amestaafu, anakaa pembezoni mwa mji wa Mikumi na mumewe Yeremia, mtu wa Vidunda, mkulima wa maharage asiyependa haraka wala gari. Uani kwao, chini ya kibanda cha mabati, kuna gari dogo la mtoto wao Godfrey, ambaye anaendesha lori la mizigo kwenda Tunduma na nyumbani anaonekana mara moja kwa mwezi. Leseni Letisia anayo. Jumapili hulitoa gari hilo kwenda kanisani, kilomita mbili tu, na kila akifika kona hulizungusha kwa upana mpaka upande wa pili wa barabara kama vile nyuma kuna tani kumi za miwa.

"Mama Godi," Yeremia humwambia, ameshika dashibodi kwa mikono miwili, "unalizungusha tela gani?"

"Kaa kimya, Baba Godi. Tela huwa halioni dereva, dereva ndiye anaona tela."

Jumatano simu ikalia. Alikuwa Lucas, mume wa binti yao Upendo, anapiga kutoka Morogoro. Upendo alikuwa amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kike, wa kwanza. Letisia alikuwa ameshatwanga unga wa uji, ameshanunua beseni jipya, ameshafua chandarua. Kwao, binti akizaa mara ya kwanza anarudi kwa mama yake. Anaogeshwa maji ya moto, anakandwa, anapikiwa, mpaka arobaini itimie. Kwa ukoo wa Lucas nako wana yao: mjukuu wa kwanza anaanzia nyumbani kwa baba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Ni mmoja tu, mama."

"Namhesabu na mama yake. Sema."

Lucas akavuta pumzi. "Mama, mimi hapa nimebanwa kama nyama ndani ya sambusa. Mama yangu anatoka Dodoma Jumamosi, anakuja kuwachukua. Wewe nawe unawataka. Wote ni wazazi wangu, sitaki kumwambia mtu hapana. Kwa hiyo nimeamua hivi, na Upendo amekubali: atakayefika kwanza Jumamosi ndiye ataondoka nao. Mwingine atasubiri mtoto wa pili."

Letisia akakaa juu ya kinu. "Yeye anakuja na nini?"

"Na basi la asubuhi. Amesema saa sita mchana yupo hapa."

"Mwambie namsalimia sana," Letisia akasema. Akakata simu, akamtazama mumewe. "Baba Godi, toa turubai kwenye gari."

Yeremia alijaribu. Alimwambia apande basi kama watu wengine. Letisia akamuuliza swali moja: kwenda sawa, je, kurudi? Binti ana mshono, mtoto wa siku tisa, basi limejaa mpaka mlangoni, nani atawashika? Yeremia akakuna kidevu. Ikabaki kupanga safari.

Jioni ile wakamwita Yassin. Yassin ana bodaboda pale njia panda, lakini kabla ya hapo alikuwa kondakta wa basi kwa miaka minane, na barabara ya Mikumi mpaka Morogoro anaijua kuliko anavyoijua sebule yake. Alifika, akamwamkia Letisia, akamwamkia Yeremia, akachuchumaa uani kwenye mchanga uliofagiliwa.

"Mama Godi, nipe vitu nikuchoree."

Wakamletea changarawe, viazi vinne na kikombe cha mahindi. Yassin akachora mstari mrefu kwa kijiti kutoka kwenye jiko mpaka kwenye banda la kuku.

"Jikoni ni hapa kwetu. Bandani ni Morogoro. Changarawe ni matuta. Viazi ni tembo. Punje nyeupe za mahindi ni trafiki, si unajua wanavaa nyeupe?"

"Endelea."

"Ukitoka mjini unaingia hifadhini. Kilomita hamsini, pori kushoto, pori kulia. Matuta hapa, hapa, na hapa. Ndani ya hifadhi usizidi sabini. Tembo asubuhi wanapenda kuvuka sehemu hizi." Akapanga viazi vyake kwa heshima. "Ukiwaona, simama mbali. Usipige honi. Honi ni matusi kwao. Ukitoka hifadhini unakuta Doma, wanauza nyanya. Hapa kuna afande na tochi ya kupimia mwendo. Melela, tena afande. Sangasanga. Halafu Msamvu, umefika mjini, unakata kushoto kwenda Kihonda kwa Upendo."

Letisia aliutazama ule mstari kwa muda. Midomo ilikuwa inacheza, anapiga hesabu.

"Kilomita ngapi?"

"Mia na ishirini, kasoro kidogo."

"Kwa ishirini, masaa sita."

Yassin akamtazama Yeremia. Yeremia akaangalia juu, kama anatafuta mvua.

"Mama Godi, ishirini ya nini?"

"Mwendo. Mimi sijawahi kupita ishirini. Trekta tunahesabu kwa masaa ya injini, na injini yangu haijawahi kunidanganya. Masaa sita."

"Lakini mama, basi linatumia masaa mawili!"

"Basi ni basi. Mimi ni mimi."

"Ondoka saa tatu, ukanywe chai vizuri. Saa tano na nusu umemshika mjukuu. Utamwacha mama wa Dodoma mbali kabisa."

"Wewe Yassin ulikuwa unafunga mlango wa basi, hukuwa unashika usukani. Naondoka saa kumi na mbili, nafika saa sita."

"Saa sita ndiyo anafika na yeye," Yeremia akasema taratibu. "Mtagongana mlangoni."

Letisia akaufuata mstari kwa kidole. Alitaka kuondoka saa kumi alfajiri, lakini hifadhini saa hizo ni giza na viazi vya Yassin vinatembea bila taa. Akaamua kubana kwenye mapumziko. Alikuwa amepanga kusimama mara nne kupoza injini na kugongagonga matairi. Akapunguza zikabaki mbili, na mwendo akauongeza mpaka ishirini na mbili.

Walipokuwa wanabishana, mtetea mmoja akatoka bandani, akaja na vifaranga vyake juu ya barabara ya Morogoro, akadonoa.

"Shhh! Toka!" Yassin akapiga makofi. Kuku akakimbia.

Yeremia akainama kukagua. "Kala trafiki wa Doma."

"Wa Melela pia," Yassin akasema.

"Basi barabara nyeupe," Letisia akasema, na wote watatu wakacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta wa mabanzi. Giza likaingia, Yassin akaenda zake, na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha zile punje.

Jumamosi, jua linachomoza, gari dogo lilitoka kibandani. Ndani kulikuwa na beseni, unga wa uji, kanga sita, chupa ya chai, na Yeremia amefunga mkanda, ameshika biblia ndogo. Yassin alikuja na pikipiki kuwasindikiza mpaka mwisho wa mji. Aliwapita, akawasubiri, wakampita, akawapita tena. Mwishowe akapunga mkono akarudi kutafuta abiria.

Hifadhini hewa ilikuwa ya baridi, nyasi zimelowa. Mshale ulisimama kwenye ishirini na mbili. Malori yaliwapita yakipiga honi ndefu, na basi moja lililotoka Iringa lilipita kwa kasi iliyolitikisa gari zima.

"Wanawahi wapi hawa?" Letisia akauliza, shingo imegeuka nusu kuangalia kiti cha nyuma.

"Tazama mbele, Mama Godi. Nyuma kuna beseni tu."

Wakapita matuta ya kwanza. Swala walisimama pembeni wakawatazama wanavyopita, na mmoja, Yeremia aliapa baadaye, alitembea sambamba nao kwa muda bila kuongeza hatua. Kisha, mbele kidogo, viazi. Tembo watano walitoka kushoto, mama na watoto, wakavuka bila kumwangalia mtu. Letisia alisimama mbali, akazima injini, hakugusa honi. Yule mdogo kabisa alikuwa ameshika mkia wa mama yake kwa mkonga.

"Unaona?" Letisia akanong'ona, macho yamelowa. "Hata yeye kamfuata mama yake mzazi."

"Nimeona."

Alipowasha injini tena ilikuwa saa moja na nusu, na walikuwa hata nusu ya hifadhi hawajafika. Akapiga hesabu upya. Kwa mwendo ule angefika saa sita na nusu. Akausogelea usukani mpaka kifua kikaugusa. Yeremia alimwelewa, akafungua biblia bila kuisoma.

Mbele, kabla hawajafika geti la mwisho wa hifadhi, palikuwa na mtu mwenye sare nyeupe, peke yake, amesimama chini ya kivuli cha mti wa miiba. Akanyanyua mkono.

"Huyu naye ametokea wapi?" Letisia akashtuka. "Yassin alimweka Doma."

"Huyo wa Doma aliliwa," Yeremia akasema. "Labda amepanda huku kumkwepa kuku."

Afande alisogea, kijana mwenye uso wa usingizi. "Shikamoo mama. Gari bovu?"

"Marahaba. Gari zima kabisa, mwanangu."

"Unaumwa?"

"Mzima kama jiwe."

"Sasa mbona hivi? Nimekuona kwa tochi tangu kule kwenye kona. Ishirini na mbili. Nilidhani tochi imeharibika, nikaipiga kofi." Akaonyesha nyuma. Letisia akageuza shingo yote safari hii, na akaona kile ambacho shingo ya nusu haikumwonyesha: malori manane na mabasi mawili, foleni imejipanga nyuma yake kama tela refu kuliko matela yote aliyowahi kuvuta. "Mama, humu sabini inaruhusiwa. Nje, themanini. Ukienda hivi, watu wanakupita vibaya, ndiyo ajali hiyo. Unakwenda wapi?"

"Kumchukua mjukuu wangu kabla mkwe wangu hajafika. Saa sita."

Afande akatazama saa yake, akatazama foleni, akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kwa mwendo huu utamkuta mjukuu anaanza shule. Ingiza gia, mama. Barabara ni yako."

Letisia akashika usukani. Gia ya pili. Gia ya tatu. Mshale ukapita thelathini, ukapita arobaini, na Yeremia akafumba macho. Hamsini. Gari halikutikisika, halikulia. Liliteleza kama maji kwenye mfereji. Sitini. Letisia akasikia kitu kinapanda kutoka tumboni, akadhani ni woga, kumbe ni kicheko. Miaka ishirini na saba! Doma ilikuja na nyanya zake na matuta yake, akayapanda taratibu, ikapita. Melela ikapita. Milima ya Uluguru ikajitokeza mbele, buluu, mikubwa, na yeye alikuwa anaimba wimbo wa kwaya sehemu ya soprano, na sauti ya pili iliyokuwa inamjibu pembeni ilikuwa ya Yeremia, macho bado yamefumbwa.

Saa nne na dakika kumi walisimama mlangoni kwa Upendo, Kihonda.

Saa nne na nusu, Letisia akiwa amekaa kwenye kigoda, kanga kifuani, mtoto ameloa povu mikononi mwake, pikipiki ya magurudumu matatu ilisimama nje. Akashuka Mama Rebeka, mama yake Lucas, na kikapu kikubwa.

"Hodi! Lucas, nimekuja na treni ya umeme! Nimeamua kuwashangaza! Basi la nini, nimetoka Dodoma sasa hivi tu, hata chai—" Akafika uani. Akaona kigoda. Akaona beseni jipya.

Lucas akatazama viatu vyake.

"Karibu mkwe wangu," Letisia akasema kwa upole wote alionao. "Maji bado ya moto."

Mama Rebeka akaweka kikapu chini. "Walisema unakuja na trekta."

"Nilikuja nalo. Nimeliacha hifadhini."

Mama Rebeka alijaribu kukunja uso. Ukamshinda. Akaanza kucheka, akakaa chini kwenye mkeka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Akanyoosha mikono. Letisia akampa mtoto na taulo.

"Mmoja wetu ameshinda," Letisia akasema, "lakini gari lina viti vitano. Njoo ukae wiki kwetu. Uji wa kutwanga peke yangu nitaumaliza lini?"

Wakaondoka saa saba mchana: Yeremia mbele, nyuma bibi mmoja tu na Upendo na mtoto, maana bibi wa pili ndiye dereva. Lucas alipunga mkono kutoka getini, amepumua kama mtu aliyetoka kwenye sambusa.

Mpaka Melela Letisia alikwenda kama watu. Lakini mtoto alipolala, mguu wake wenyewe ukaanza kupungua kwenye mafuta. Sitini. Hamsini. Arobaini. Kila tuta alilipanda kama anapita juu ya mayai. Kwenye geti la hifadhi, kijana mwenye sare nyeupe alinyanyua mkono kabla hata hawajamkaribia.

"Mama! Tena?"

Letisia alishusha kioo cha nyuma, akaonyesha kwa kidevu. Afande akainama, akachungulia. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya Mama Rebeka, ngumi moja nje ya kanga.

Kijana akasimama wima. Akatazama barabara, akarudisha nyuma kwa mkono lori lililokuwa linataka kupita, akashusha sauti.

"Haya mama. Washa taa za hatari, kaa kushoto," akasema. "Nenda hivyo hivyo."