Mama Ngurumo na Mota Isiyonguruma

Kijiji kizima kilimwita Mama Ngurumo, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Miaka nenda miaka rudi aliwasagia watu mahindi kwa mashine ya dizeli iliyotetemesha madirisha ya majirani, basi hata nyumbani akitaka chumvi aliiomba kwa kupiga ukelele. Mumewe alikaa upande wa injini, yeye upande wa unga, na mle ndani waliongea kwa mikono tu: kiganja juu, maana yake ongeza; ngumi, zima.

Sasa injini ilikuwa imekata roho. Mahali pake palikuwa pamefungwa mota ya umeme, ndogo kiasi kwamba Mama Ngurumo alipoiona aliuliza nyingine iko wapi. Waya wake ulitoka kwenye paneli za sola zilizopangwa nyuma ya shule, zilezile zilizowasha taa za kijiji chote. Kamati ya kijiji ilisema wazi: isage leo mbele ya watu, ikishindwa itahamishiwa kijiji cha pili. Na huko ni mwendo wa asubuhi nzima, debe kichwani.

Kilichomnyima usingizi ni masikio yake. Kazi hii aliifanya kwa kusikiliza. Injini ikikoroma, imeshiba. Ikitoa sauti nyembamba, ina njaa. Sasa angesikiliza nini?

Jua likiwa la utosi, fundi wa umeme, binti mwenye kofia ngumu, alibonyeza swichi. Mota ikatoa kasauti kembamba kama ka nyuki.

"Ina njaa hii!" Mama Ngurumo akapaza sauti, akafungua chote kilango cha kushushia mahindi.

Mota ikakabwa, ikagugumia, na umeme wa kijiji kizima ukakatika. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akatoka na mashine yake mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Nani kanifanyia hivi?" mteja akauliza.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti wa kamati hakucheka. Mama Ngurumo naye alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mara moja tu tena," mwenyekiti akasema.

Wakatoa mahindi yaliyokwama. Binti akarudisha umeme.

"Fungua kidogo kidogo, mama."

"Nitajuaje imetosha, mwanangu?"

"Hilo hata mimi sijui. Mimi nimejifunza nyaya."

Mama Ngurumo akashusha pumzi. Kwa kukosa la kufanya akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, kama mtu anayempima mtoto homa. Kumbe ilikuwa inatetemeka kwa ndani. Akafungua kilango upana wa kidole, na mtetemo ukawa mzito mkononi mwake. Akaongeza kidogo. Mashine iliposhiba, alijua.

Unga ukashuka, laini, wenye vuguvugu. Hakuna moshi, hakuna harufu ya mafuta. Alitazama nje kwenye ule mwanga mkali, na vinyweleo vikamsimama. Jua lilelile lililoyakausha mahindi haya shambani ndilo lililokuwa likiyasaga.

"Ni jua," akasema, na machozi yalimlengalenga wala hakuona haya. "Jamani, jua linasaga!"

Mwenyekiti akachota unga, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Mota inabaki."

Vigelegele vikapigwa, kisha wanawake wakatimua mbio kwenda kuchukua mahindi yao. Chumba kikatulia. Ndipo Mama Ngurumo aliposikia mtu anaimba, sauti nzuri ya chinichini. Akageuka. Alikuwa mumewe, anafunga gunia.

"Baba watoto, ni wewe?"

Mzee akanyamaza ghafla. "Samahani. Ni mazoea."

"Mazoea ya tangu lini?"

"Tangu tuanze kazi humu. Nilikuwa nakuimbia wewe."

"Mimi nikiona mdomo unacheza nikadhani unatafuna!"

Mzee akacheka, akainama tena kwenye gunia lake. Mama Ngurumo akafungua mdomo apaze sauti kama kawaida yake, akakuta hakuna haja.

"Endelea," akamwambia polepole.