Kigoda cha Balozi

Nakumbuka siku moja ya masika pale Titye, mwaka 2013, nikiwa na madodoso kwapani na mvi tayari kichwani. Ujana wangu nilishaumalizia darasani, nikifundisha, kwa hiyo kosa hili siwezi kuusingizia. Watafiti walitaka kujua nani ni mwanachama wa chama gani cha siasa, na kwa nini alijiunga, wakanipa kazi ya kuuliza nyumba kwa nyumba. Sharti lao kubwa lilikuwa moja: muulize mtu akiwa peke yake.

Lakini desturi zetu unazijua, mwanangu. Mgeni hazururi kijijini bila mwenyeji, na mwenyeji wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, naye ni kiongozi wa chama tawala. Mzee mpole, alinishikia mwavuli tangu asubuhi. Ningemwambiaje atoke nje kwenye mvua?

Tukaingia kwa Mama Zabroni, mjane aliyevuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaja kupata uraia uzeeni. Mama alimpa balozi kigoda, mimi akanipa kiti. Nilipofika kwenye swali la kadi za chama, aliacha kuchambua maharage.

"Na mzee huyu asikie?"

"Huyu ni wetu, mama. Majibu yako ni siri. Sema tu."

"Haya, mwalimu. Wewe ndiye uliyemfundisha Zabroni kusoma, sitakuficha. Mimi nina kadi ya chama cha balozi. Mwanangu amechukua ya wale wengine."

Balozi alitazama mvua. Sidhani hata alikuwa na nia mbaya. Pengine alimsimulia mkewe tu wakati wa kula. Lakini maneno yakatembea. Watu wakaanza kumuuliza Zabroni sokoni, mtoto wa mkimbizi ana ubavu gani wa kuchagua upinzani. Hata kwenye kulimiana kwa zamu wakaacha kumwita. Akaondoka kwa njia ya Manyovu, ile ya mpakani mwa Burundi, na tangu hapo hajaleta habari.

Mwaka uliofuata watafiti walinirudisha kwa watu walewale, maana hupenda kujua nani amehama chama na nani amebaki. Safari hii nilikwenda peke yangu. Mama Zabroni hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinipa kiti kilekile.

"Andika sina chama," alisema. "Na pale mnapouliza watu wa nyumba hii, andika mmoja."

Nikaandika. Nililia mbele yake, wala sikuona haya.

Sasa wewe kesho unakwenda Kumsenga na madodoso yako. Nakuomba, kabla hujalitamka swali la chama, geuka utazame nani amekaa nyuma yako. Mwombe atoke, hata kama ni mzee, hata kama mvua inanyesha. Akinuna, utamwomba radhi baadaye. Ukishindwa, liache swali wazi. Watafiti watakugombeza na yataisha. Mungu akulinde njiani, ayalinde na majina utakayopewa. Na ukikutana huko na kijana anayeitwa Zabroni, mwambie mama yake bado yuko Titye.