Sauti Iliyomwambia Bahati Asogee

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho na akili timamu. Wapo watu kanisani kwetu Silver Spring, hapa Marekani, wanaocheka nikiyasimulia. Wacheke. Hawakuwepo kwenye miamba ya Mto Potomac, na mguu uliovunjika haukuwa wao.

Niwaeleze kwanza lenzi pana ya kamera tuliyotumia siku ile, maana msipoielewa hamtauona ubaya uliofanyika. Siku za kazi nahudumia wazee. Jumamosi nafundisha wenzangu kupiga picha za mandhari. Lenzi pana sana humeza kila kitu: mto, miti, mbingu yote. Lakini inapomeza hivyo, inasukuma vitu mbali. Jabali lililo hatua mbili mbele yako utaliona kama liko hatua kumi. Ndiyo maana picha za wanaoanza hutoka tupu, na ndiyo maana neno langu kubwa kwa mwanafunzi ni moja: sogea. Tafuta kitu cha karibu, jiwe au ua, kisha sogea mpaka uone kama umezidisha. Nalisema kwa upole, kwa sababu mtu anayekaripiwa hajifunzi. Sikuwa nimewahi kumpandishia mwanafunzi sauti.

Bahati, mwanafunzi wangu, ni mama wa Uvira, Kongo, anafanya usafi hotelini Alexandria, ng'ambo ya Potomac. Alitaka picha moja kubwa ya maporomoko ya mto huo awatumie wadogo zake walioko kambi ya wakimbizi Burundi, waone mahali anapoishi. Tulifika alfajiri ya siku yake ya mapumziko, ukungu bado umelala juu ya maji.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye miamba, koti refu, hana kamera. Nikamsalimu kwa Kiingereza, akanitazama mdomo tu. Sura yake ilinikumbusha wazee wa kwetu, nikajaribu, "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo, mzee," akanijibu.

Jamani, mzee gani anamwamkia shikamoo mtu wa umri wa mwanawe? Hapo ndipo nilipaswa kumshika Bahati mkono tuondoke. Badala yake nikacheka, nikidhani ananitania.

"Huyu mzee iko na akili kweli?" Bahati akaninong'oneza.

"Labda masikio mazito tu, dada. Twende kazini."

Nikaendelea kumfundisha, na yule mzee akasikiliza kama mwanafunzi wa pili, midomo ikicheza bila sauti. Kila nililosema alikuwa analitafuna taratibu. Sogea, dada. Bado kidogo. Usiogope. Kisha nikarudi kwenye gari kuchukua stendi ya kamera.

Niaminini. Nilikuwa nimeinama kwenye buti la gari niliposikia sauti yangu ikitoka kule miambani. Sisemi sauti kama yangu. Yangu, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. "Sogea, dada. Bado kidogo. Usiogope." Nikagusa midomo yangu. Ilikuwa imefungwa.

Nilikimbia. Bahati alikuwa ameweka jicho kwenye kidirisha cha kamera, anasogea kidogo kidogo kama nilivyomfundisha. Hatua moja mbele yake mwamba ulikwisha, na chini yake maji yalikuwa yanachemka. Kupitia lenzi ile, ukingo aliuona uko mbali. Mzee alikuwa nyuma yake, kinywa wazi, midomo haichezi tena, na sauti yangu inatoka humo.

"Dada Bahati, simama," nikaita.

"Dada Bahati, sogea," ikasema ile sauti, kwa upole uleule.

Bahati akatikisa kichwa, kama mtu anayemsikia mwalimu akijichanganya. Akainua mguu.

Hasira iliyonipanda hapo sikuwa nimewahi kuijua. Upole wangu mwenyewe, kitu nilichojifunza kwa miaka kando ya vitanda vya wagonjwa, ulikuwa unatumika kumuua mtu mbele ya macho yangu. Nikanguruma, "Kaa chini, mpumbavu wewe!"

Alishtuka akaanguka kwa makalio palepale ukingoni. Mguu mmoja ukapita nje ya ukingo, ukagonga jabali na kuvunjika. Kamera ikaenda na maji. Nilipomfikia na kumvuta nyuma, mzee hakuwepo. Aende wapi, na njia ya kutoka ilikuwa moja, ile niliyojia mimi?

"Mwalimu, juu ya nini unanitukana?" Bahati alikuwa analia. "Si njo weye ulisema nisogee?"

Mfupa uliunga. Wadogo zake bado wanaulizia picha. Siku hizi tunapiga picha bustanini, mbali na maji, lakini nikimwambia kwa upole asogee, anaganda na kugeuka kunitazama mdomo. "Unigombeze, mwalimu," ananiambia, "ndipo nitajua ni weye." Basi namgombeza. Wanafunzi wapya wananiona mkatili, na wawili wameshaacha kuja. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kile kitu kilimkosa Bahati, lakini kiliondoka na sauti yangu nzuri, na sijui kinaitumia wapi asubuhi hii.

Kwa hiyo wewe unayenunua lenzi pana, nisikilize. Kabla ya kusogea, toa jicho kwenye kidirisha, tazama unapokanyaga kwa macho yako mwenyewe, ndipo uinue mguu. Fanya hivyo hata kama anayekuita ni mimi. Na nikikuita kwa upole, usisogee kabisa.